Polepole Kupanda

Miaka ishirini na mmoja nimeipungia mkono helikopta hii
nikiwa chini, kitambaa kichwani, kisu kiunoni,
mchanga wa Kimberley ukinirukia usoni kama makapi.
Wageni hushuka wameinama, hata wafupi.
Mimi huwaambia: Karibuni shambani.
Nao hutazama kushoto, kulia, wakitafuta miche.

Leo Bwana Prentiss wa Adelaide
ametapika kabla rubani hajawasha injini.
Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini,
anasema yeye na ardhi wamepatana, wasiachanishwe.
Kiti kimeshalipiwa. Tegan akanitazama:
"Noreen, panda wewe."
"Nina chaza mia mbili mezani."
"Chaza hawana pa kwenda."

Nikapanda na buti zangu za mpira, nanuka shombo,
kati ya mke wa Prentiss na dirisha.

Hakuna aliyenieleza habari ya tumbo,
kwamba hubaki chini dakika nzima
kisha hukufuata likiwa limekasirika.
Masikio yakaziba. Yakazibuka.
Hapo nikamkumbuka babu.

Babu Ahmat wa Kupang hakuuawa na papa, wala kimbunga.
Aliuawa na kupanda.
Alikuwa chini pima ishirini, kofia ya shaba imekazwa kwa skrubu,
chombo juu kikaanza kwenda mrama,
wakamvuta upesi, kwa mapenzi, kwa woga,
na damu yake ikafoka kama soda iliyotikiswa.
Bibi, Mbardi wa rasi hii, alisema alifika juu anacheka,
akaomba chai, akasema magoti yanauma.
Chai ilipopoa, naye alikuwa amepoa.

"Polepole," nikamwambia Tegan kwenye kipaza sauti.
Akacheka. Akadhani naogopa.
Mke wa Prentiss akanishika mkono, naye akadhani hivyo hivyo.
Nikawaacha wadhani.

Chini, maji ya bamvua yalikuwa yanatoka,
mita kumi za bahari zikiondoka kwa haraka
kama watu waliosikia mnada umehamia mtaa wa pili.
Visiwa vyekundu vikaota miguu.
Mikoko ikaonyesha mizizi bila haya.
Mke wa Prentiss akapiga picha, nyingi zikiwa za kidole chake.

Kisha nikaliona shamba.
Ndilo hilo?
Mistari kumi na minne ya maboya, uzi mweusi na mafundo,
kama mtu alianza kuishona bahari
akaitwa kula.
Miaka ishirini na mmoja ya mgongo wangu
ingefunikwa na dole gumba. Nikaifunika.

Na kule walikomvuta babu, nje ya rasi,
nilitafuta alama. Mtu hutafuta.
Buluu, halafu buluu nyingine.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Tumeinama, ukoo mzima,
na hakuna aliyetuambia
kwamba kuinuka nako kuna sharti lake.

Adhuhuri nilikuwa mezani tena.
Nikachukua chaza, nikatia kabari,
nikamfungua upana wa kidole, kwa kuwa
zaidi ya hapo msuli hukatika.
Nikawaonyesha kidonge cheupe
kilichochongwa kwa kombe la mto wa mbali, Marekani,
na kijipande cha nyama ya chaza mwingine
kitakachokivika kidonge kile ung'avu.
"Kisha tunamrudisha majini," nikasema kama kila siku.
"Miaka miwili."

Msichana mwenye nyaya menoni
akauliza lile wanaloliuliza wote: Anaumia?
Siku zote hujibu: hana ubongo.
Wageni hupumua, huuliza bei.

"Sijui," nikasema.
"Tunamshusha taratibu. Tunampandisha taratibu."

Bwana Prentiss, bado juu ya ndoo yake,
akatikisa kichwa kukubali
kana kwamba ndiye aliyeulizwa.